Muulize Nahodha: Upepo ulitulia, mbona maji yaliingia?

SWALI: Shikamoo Nahodha. Naishi bondeni upande wa Mto Matandu, wilayani Kilwa. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024 tulijifungia ndani na watoto, upepo ukavuma, paa likasalimika. Kulipopambazuka kukawa shwari, tukamshukuru Mungu, watoto wakatoka kucheza. Baadaye maji yakajaa uani, yakapanda hadi kwenye godoro. Kaka yangu ni mvuvi wa ngalawa. Anasema ile ilikuwa bahati mbaya tu, kwetu hakuna vimbunga, wazee hawakuviona, na tahadhari za redioni zinamkosesha riziki. Je, ni kweli? Na kikija kingine tufanyeje?
Mama watoto, Kilwa

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana.

Nianze na kaka yako, maana yeye ndiye ninayemhofia zaidi. Mwambie wazee waliviona. Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi, hapo hapo jirani zenu. Miaka 80 kabla yake, tarehe ile ile ya 15 Aprili mwaka 1872, kingine kiliingia Unguja kikang'oa mikarafuu na minazi na kuvunja vyombo bandarini. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, ndipo karafuu nyingi zikawa zinatoka huko. Mwishoni mwa Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita Komoro kikaangukia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya Mto Ruvuma. Aprili 2021 Jobo kilielekea Dar es Salaam, kikaishiwa nguvu kabla ya kufika. Kisha Hidaya, Mafia, tarehe 4 Mei 2024.

Aitazame miezi hiyo vizuri. Yote imeangukia pale upepo wa kaskazi umekwisha na wa kusi haujashika sawasawa, kipindi ambacho mvuvi huona upepo umelegea akatamani kwenda mbali. Lakini bahari wakati huo imeshiba joto la kiangazi chote, na kimbunga huishi kwa joto la maji, nyuzi 26 na kupanda. Kwamba ni nadra kwetu, hapo kaka yako hakukosea. Kimbunga kinahitaji mzunguko wa dunia ili kijisokote, na msaada huo hupungua kadiri unavyoisogelea ikweta. Ndiyo maana Madagaska hupigwa mara kwa mara na Mombasa karibu hawakijui. Ila Kilwa iko nyuzi 9 hivi kusini mwa ikweta. Mko ukingoni, na mtu wa ukingoni hana haki ya kusema hayamhusu.

Sasa maji yako. Hidaya kilipofika Mafia upepo wake ulianza kufa, watu wengi wakahesabu kwamba hatari imekwisha. Upepo hufa upesi, lakini wingu halifi nao. Lile donge la mvua linaendelea kumwaga, na linamwaga pia bara, mbali na macho yako. Matandu hukusanya maji ya eneo kubwa la bara. Mvua iliyonyesha huko usiku inakufikia wewe baada ya saa nyingi, pengine jua limeshachomoza na anga jeupe. Tena ardhi ilikuwa imelowa tayari. Kumbuka mafuriko ya Rufiji na Kibiti mwezi Aprili, kabla hata Hidaya hakijapata jina. Udongo uliokwisha kunywa haunywi tena. Ndipo mvua ya Hidaya ikakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga.

Na kuna jambo ambalo sikulisikia likisemwa sana, nami naliona kubwa kuliko yote. Mwezi mpya uliandama tarehe 8. Kwa hiyo tarehe 4 bamvua, yaani yale maji makubwa ya bahari yajayo na mwezi mpya au mpevu, lilikuwa halijafika, maji hayakuwa yakijaa sana. Pwani yetu bamvua hupandisha maji mita 3 hadi 4 kutoka kupwa. Mngelipata kimbunga kile siku nne tano baadaye, bahari ingeziba mdomo wa mto na maji ya Matandu yangekosa pa kutokea. Basi ukisikia tahadhari, tazama na mwezi. Ukiwa mpevu au mchanga, ongeza hofu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Kwa mtu wa bondeni usingoje ya mwisho. Ikitoka tahadhari ya mvua kubwa, hamisha watoto, vyeti na unga mapema, mchana, kwa ndugu aliye mwinuko. Kisha mkae huko mpaka siku nzima ipite tangu mvua ikatike, hapo kwenu na bara pia. Piga simu kwa watu wa juu ya mto uwaulize maji yakoje. Simu hiyo ina faida kuliko kutazama anga lako. Watoto wasivuke maji yanayokwenda, hata ya magotini, hata kwa kushikana mikono. Maji ya magotini yenye kasi humwangusha mtu mzima, na chini huoni kama daraja lipo au limeondoka. Mtu akizingirwa, pigeni 114, Zimamoto na Uokoaji. Mkirudi, maji ya kisima yachemsheni, maana choo na kisima vimeshachanganyika.

Kaka yako aipandishe ngalawa juu ya mstari wa takataka za bamvua, ule ambao bahari yenyewe imeuchora ufukweni. Ashushe mlingoti na foromali, ule mti unaobeba tanga. Ndubi nazo, zile mbao za pembeni zinazoizuia ngalawa isipinduke, azifungue, maana upepo huzishika kama mbawa ukaipindua ngalawa nzima. Kisha ajaze mchanga uliolowa maji ndani na kufunga kamba kwenye mnazi wenye mizizi mizima, si ule ulioegemea bahari. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja. Akikataa, mwambie aniandikie mwenyewe, nitamjibu ukurasa huu huu.