Hedi moja ya kawaida haitoi stereo, hata ukiwa na kabineti mbili

Yale matundu mawili ya spika nyuma ya hedi (amplifaya ya gitaa isiyo na spika ndani) si kushoto na kulia. Yote yanatoka kwenye pawa moja (sehemu ya hedi inayosukuma spika), kwa hiyo kabineti mbili, yaani masanduku mawili ya spika, bado ni mono: sauti ileile pande zote. Stereo inataka pawa mbili.

Toa waya kwenye SEND ya hedi (tundu linalotoa sauti kabla haijafika kwenye pawa), ingiza kwenye pedali ya dilei ya stereo (inayorudia sauti kama mwangwi). Tokeo la kushoto lirudi RETURN ya hedi hiyohiyo (tundu linalopeleka sauti moja kwa moja kwenye pawa), la kulia liende RETURN ya amplifaya ya pili. Usilichomeke pale mbele pa gitaa: sauti itapita kwenye priampu (sehemu ya kwanza ya kukuza sauti) mara ya pili na upande huo utakwaruza.

Ukisikia mvumo, huenda ethi (nyaya za usalama za ardhini) za amplifaya hizo mbili zimefanya mzunguko. Weka kisanduku chenye transfoma ya kutenganisha kwenye waya wa kulia. Kukata ethi kwenye plagi ni hatari ya kifo, usithubutu. Besi ikififia zote mbili zikilia pamoja, spika zinasukumana kinyume. Geuza + na − kwenye kabineti moja.

Huna amplifaya ya pili? Tumia tokeo la pedali lililoandikwa MONO peke yake, tundu la kulia libaki tupu.