Muulize Shangazi: Nataka kurudi nyumbani kabla mlango haujafungwa tena

Toleo la Desemba 2020 (tarehe na masharti yaliyotajwa humu ni ya wakati huo)

SWALI: Shangazi assalam alaykum. Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu ni Kilifi, niko Muscat tangu 2017 kazi za nyumbani. Mambo yaliharibika mwezi wa nne hii corona ilipoingia, bosi akaanza kunikata mshahara, mara nusu mara hakuna kabisa, mwezi wa saba nikatoka nikaenda kukaa na Wakenya wenzangu na tangu hapo ni vibarua tu vya kufua na kupika. Bataka, kile kitambulisho cha ukazi, imeisha, pasipoti iko kwa bosi na nasikia aliandikisha ripoti ati nimetoroka. Sasa watu wanasema kuna msamaha wa kutoka bila faini mpaka tarehe 31 mwezi huu, wengine wanasema ni mtego, ukijipeleka tu unakamatwa. Tikiti sijanunua, na kipimo cha corona naambiwa kina saa zake, zikipita ni bure. Na shangazi nikwambie ukweli, sina kitu, narudi na begi moja, mamangu ni mzee ana presha na majirani washaanza kusema watu wa ng'ambo ndio wanaotuletea ugonjwa. Nifanyeje?
Mama Wawili, Muscat

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na nimeitanguliza kwa sababu siku zako ni chache.

Msamaha ni wa kweli, si mtego. Serikali ya Oman iliufungua tarehe 15 Novemba, ni wa watu kama wewe, vibali vyao vya kazi vimeisha na wanataka kuondoka moja kwa moja, si kwenda likizo na kurudi. Faini za kibali zinaondolewa. Lakini msamaha una mpangilio wake, na wengi wanaumia manake wanaanza mwisho, mtu akisikia msamaha anakimbia kununua tikiti, halafu ruhusa haijatoka, ndege inaondoka, pesa zimeenda. Usinunue tikiti kwanza. Anza na kujiandikisha kwa Wizara ya Kazi, inafanywa kwa mtandao, kama hujui Kiarabu enda ofisi za Sanad, zile za kusaidia watu na mambo ya serikali, au ubalozi wetu hapo Muscat wakusaidie. Ukishajiandikisha unasubiri kama siku saba hivi ndio unapata jibu. Hesabu hizo siku saba, weka siku ya kipimo, weka siku ya ndege, utaona mwenyewe tarehe 31 haiko mbali, kwa hivyo hili ni jambo la kesho asubuhi, si la wiki ijayo. Wengine wanasema huenda wakaongeza muda. Wewe usiishi kwa hilo.

Pasipoti. Bosi hana haki ya kukaa na pasipoti yako bila ridhaa yako, hata Oman yenyewe ilitoa waraka 2006 wa kukataza, japo sote tunajua droo za makabati ya Muscat zimejaa pasipoti za wasichana wetu. Usiende kugonga mlango wake peke yako. Mwambie afisa wa ubalozi ampigie. Akikataa, ubalozi unaweza kukupa hati ya dharura ya kusafiria ya safari moja, na kwa kurudi Kenya hiyo inatosha. Enda na chochote kinachoonyesha wewe ni nani, kitambulisho, kopi ya pasipoti hata ile picha ya kwenye simu, cheti cha kuzaliwa nyumbani wakupigie picha wakutumie. Na hiyo ripoti ya kutoroka waulize hapo hapo mapema, usikae nayo moyoni mpaka ukafika kaunta ya uhamiaji, manake mwajiri anapewa nafasi ya kusema kama ana kesi na wewe na hilo ni heri ulijue ukiwa bado na siku mkononi.

Mshahara uliobaki, hapa naumia kukuambia. Sheria ya kazi ya Oman ya 2003 haimuingizi mfanyakazi wa nyumbani, ndio maana kudai ni kugumu hivyo, na msamaha wenyewe hauna haja na deni lako. Lakini usiondoke kimya. Kaa chini uandike mwezi gani alikupa nini na mwezi gani hakukupa, weka meseji zake zote, acha kopi ubalozini. Sikuahidi kwamba utalipwa, ila pasipo maandishi hata wa kukusemea hatakuwa na pa kuanzia.

Sasa kipimo. Kenya inataka PCR, kile kipimo cha corona cha puani, majibu yawe negativu, isizidi saa 96 kabla ya safari. Wengi wanahesabu tangu karatasi ilipotoka, makosa, hesabu tangu uliposhikwa pua. Ukipimwa Jumatatu saa mbili asubuhi, saa 96 zinaisha Ijumaa saa mbili asubuhi, basi. Halafu kuna nchi ya kupitia na kuna shirika la ndege, kila mmoja ana sharti lake, kwa hivyo mwanangu wewe pigia hesabu ya saa 72 uwe salama kote, na ukikata tikiti epuka zile za kusubiri masaa kumi na mbili uwanjani mahali ati kwa sababu ni rahisi, kama kuna kuchelewa utajikuta karatasi imekufa ukiwa njiani. Karatasi iwe imechapishwa, iwe na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti au hati ya dharura. Herufi moja ikikosea inaweza kukurudisha nyuma. Pia ile fomu ya wasafiri ya Wizara ya Afya ya Kenya, ijaze kwa simu kabla hujapanda, utapata msimbo wa QR, ipige picha uiweke manake intaneti ya uwanjani si ya kutegemea.

Ukitua Nairobi watakupima joto, lisizidi 37.5, na usiwe na kikohozi. Kafyu bado iko, saa nne usiku mpaka saa kumi alfajiri, na imewekwa mpaka tarehe 3 Januari, lakini aliyetoka uwanja wa ndege anaruhusiwa kupita akiwa na tikiti na bodingi pasi yake, kwa hivyo kile kipande cha bodingi usikitupe, na dereva anayekuja kukuchukua awe na cha kuonyesha kwamba alitoka uwanjani. Treni ya SGR ilirudi tangu Julai, ukishuka Miritini, stesheni ya Mombasa, ni matatu tu mpaka Kilifi.

Nataka nikueleze na langu kidogo. Mwaka huu tarehe 24 Machi nilitua JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, natoka kumuona binti yangu aliyejifungua Dubai, na usiku wa kuamkia ile kesho kutwa yake ndege zote za abiria za kutoka na kwenda nje zikafungwa. Tulipakiwa kwenye basi usiku bila kuambiwa tunaenda wapi, tukapelekwa bweni la chuo fulani, shilingi 2,000 kwa siku na wewe ndio unajilipia, siku 14. Siku ya kumi na mbili mmoja wetu akapatikana na corona, tukaongezwa siku 14 nyingine. Nilikuwa na mama mmoja chumba cha pili, naye ametoka Ghuba kama wewe, begi moja kama wewe, alikuwa analia usiku, si kwa sababu ya corona, alikuwa analia kwa sababu hana zawadi za watoto. Siku tuliyotolewa watoto wake walikuwa getini wamesimama mbali wamevaa barakoa, na hakuna hata mmoja aliyeangalia begi.

Siku hizi hayo ya mabweni hayako tena ukija na PCR yako na huna homa. Ila kwa mamako nakuomba ujiweke mbali wewe mwenyewe hata kama hakuna anayekulazimisha. Kipimo ni cha siku ile, njiani umekaa na watu mamia. Waambie nyumbani mapema wakutengee chumba, siku 14, madirisha wazi, sahani na kikombe chako, barakoa ukitoka, na mamako umsalimie kutoka uani yeye akiwa barazani. Itakuuma, itamuuma na yeye, lakini mtu wa presha si wa kujaribiwa na huu ugonjwa. Hakikisha dawa zake zisikatike. Na majirani wakiona umejitenga kwa hiari yako hawatakuwa na la kusema, na wakisema pia waache.

Kuhusu kurudi mikono mitupu, hizo riyal ulizotuma tangu 2017 hazikupotea mwanangu. Watoto wamekula, wamesoma, mamako amenunuliwa dawa. Begi ndio jepesi. Niandikie ukifika.

SWALI: Shangazi, nimeishi Leicester miaka kumi na moja, kazi imeisha na nimeamua kurudi kabisa Nakuru mwezi wa pili. Nina gari la 2013, ni langu tangu 2018, na vitu vya nyumba kontena dogo. Nasikia anayerudi nyumbani halipi ushuru. Ila mwaka huu nilikuja msiba mwezi wa tatu nikafungiwa huko mpaka ndege ziliporudi mwezi wa nane. Kuna shida?
Baba Njoro, Uingereza

JIBU: Kaka, iko, na afadhali umeuliza kabla ya kulipia kontena. Msamaha wa ushuru kwa mkazi anayerudi uko kweli, uwe umeishi nje miaka miwili au zaidi, na gari liwe lako na umelitumia huko miezi 12. Hapo umepita. Lakini KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, wanaangalia pia kwamba ndani ya hiyo miaka miwili ya mwisho hukukaa Kenya kwa jumla ya siku 90 au zaidi, na wewe machi mpaka agosti umezipita mbali. Si kosa lako, ndege za kawaida za kwenda nje zilisimama mpaka tarehe 1 Agosti, lakini anayekagua anasoma mihuri ya pasipoti, hasomi moyo wako. Waandikie KRA sasa hivi, waeleze, ambatisha tikiti ya kurudi iliyofutwa na barua ya shirika la ndege, na uombe jibu la maandishi. Mpaka jibu lije vitu vikae Leicester. Ya kuambiwa kwenye simu na ajenti wa kliarensi usiyategemee, siku mzigo umefika bandari ya Kilindini na hesabu ya stoo inakimbia hatakuwepo.

Gari ndio lina lingine, hata KRA wakikubali. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, na kuanzia tarehe 1 Januari 2021 yanayoingia ni yaliyosajiliwa mara ya kwanza 2014 kuja juu. Lako ni la 2013, na meli ya Mombasa haifiki kabla ya mwaka kuisha hata ulipakie leo. Uza huko huko, hizo pauni zije kwa benki.