Dodoma na mtoto mwenye pumu: angalia mwezi, saa na upande wa upepo

Mkuu, umeuliza kama kutoka Kigamboni kuhamia Dodoma kutamsaidia mwanao mwenye pumu, maana umeambiwa hewa ya huku ni kavu. Mimi mwenyewe nina pumu tangu utotoni. Nimekulia Tanga, nikafanya kazi Dar, nikaja Dodoma wizara zilipohamia. Jibu langu ni kwamba inategemea mwezi, saa, na nyumba utakayopanga.

Hilo la ukavu lina ukweli. Pwani kuta zinaota ukungu, godoro linashika unyevunyevu, na vijidudu vinavyoishi kwenye magodoro na mito vinastawi humo. Kama hivyo ndivyo vinavyomwamsha mtoto usiku, huku atapata nafuu.

Ila ninyi mna bahari. Mchana nchi kavu ikipata joto, upepo unaingia kutoka majini bila vumbi na kuusukuma moshi wa mjini kwenda bara, na Kigamboni mnaupokea wa kwanza. Halafu mna vuli na masika. Sisi tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, milimita kama 550 hadi 600 kwa mwaka. Baada ya hapo ardhi inakaa miezi na miezi haijaoshwa.

Januari hadi Machi hewa ya huku ni raha tupu. Vumbi limetulia, majani yameota, kifua chepesi.

Juni na Julai, kipupwe, ndiyo miezi ninayoiogopa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku hakuna mawingu, kwa hiyo ardhi inapoa haraka. Hewa ya baridi inatuama chini, ile yenye joto inakaa juu yake kama mfuniko wa sufuria. Moshi wa mkaa na wa takataka zilizochomwa jioni unakosa pa kwenda. Ukiwa kule juu Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) alfajiri unaona utando wa kijivu umeulalia mji, na hautawanyiki mpaka jua lishike, saa tatu hivi.

Agosti hadi Oktoba ni zamu ya upepo. Mtama na uwele vimeshavunwa, mifugo imekula mabua, udongo uko uchi, na chamchela zinapita mchana kweupe. Wapo wanaosema vumbi hili limeletwa na ujenzi wa makao makuu. Ujenzi umeongeza, sikatai: viwanja vinasafishwa vinaachwa wazi, na ile barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 imechimbua udongo mwingi. Lakini mmomonyoko huku ni wa zamani. Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye maeneo yaliyoharibika ya Kondoa ili majani yarudi.

Wageni wengi wanaogopa vumbi kwa sababu wanaliona kwenye viatu. Mimi naogopa moshi zaidi. Chembe kubwa za vumbi nyingi zinanaswa puani na kooni. Za moshi nyingi ziko chini ya maikromita 2.5 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango linachopendekeza cha chembe hizo, kwa wastani wa mwaka, kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa mita moja ya ujazo.

Sasa utaona kwa nini nasisitiza saa. Juni mtoto asicheze nje mapema, asubiri jua litawanye moshi. Septemba ni kinyume: acheze asubuhi, upepo haujaamka, saa sita awe ndani. Ukishika ratiba moja mwaka mzima itakuangusha.

Kwenye nyumba, usiangalie kodi tu. Upepo wa huku mara nyingi unatoka mashariki na kusini mashariki, kwa hiyo ukipanga magharibi mwa barabara ya vumbi, vumbi lote ni lako. Nenda jioni, siyo mchana, uone jirani anachomea wapi takataka na kama karibu kuna tanuri la tofali. Nyumba nzuri nyingi zinaponzwa na hilo, na dalali hatakwambia. Ndani piga deki kwa kitambaa kibichi; kufagia kunalirudisha vumbi hewani.

Kama una uchaguzi wa tarehe, hamieni Januari, mwili uzoee kabla ya kipupwe. Na kabla ya kuondoka Dar mwone daktari wake, akuandikie dawa ya kuzuia na ile ya dharura. Februari utamwona mzima kabisa ukashawishika kuacha ile ya kuzuia. Usiiache bila daktari kusema.