Mazoezi Yapi ya Vyuma Hujenga Misuli?

SWALI: Mhariri, nina umri wa miaka 26 na nimekuwa nikinyanyua vyuma kwa miezi kadhaa. Kila wiki hubadilisha mazoezi, kwani niliambiwa kuwa misuli ikishazoea zoezi haikui tena, na muda wangu mwingi huishia kwenye mikono na kifua. Mwili haubadiliki. Nichague mazoezi yapi?

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri huo ndio uliokuponza. Misuli hunenepa inapolazimika kustahimili mzigo unaoongezeka kidogo kidogo, na anayebadilisha mazoezi kila wiki hana cha kulinganisha ili ajue kama mzigo wake umeongezeka. Isitoshe, katika wiki za mwanzo za zoezi jipya nguvu huongezeka hasa kwa sababu mfumo wa fahamu unajifunza mwendo ule, kabla misuli yenyewe haijakua sana. Hivyo wewe huliacha zoezi wakati ndipo linaanza kukufaa.

Chagua mazoezi machache yanayotumia viungo vingi kwa pamoja, ukiyapanga kwa mwendo: kuchuchumaa na chuma mabegani, kuinama na chuma mkononi, kusukuma chuma ukiwa umelala kwenye benchi, kukisukuma juu ya kichwa, kukivuta kuelekea tumboni, na kujivuta juu ukining'inia. Mikono haitasahauliwa, kwani hufanya kazi katika kila kusukuma na kila kuvuta. Zoezi moja la kukunja viwiko kwa dambeli, yaani chuma kifupi cha kushikwa kwa mkono mmoja, mwishoni linatosha.

Ningependa usilikwepe lile la kuinama, ambalo wapenda kifua wengi hulikimbia. Simama ukishika chuma mbele ya mapaja, kunja magoti kidogo, kisha sukuma makalio nyuma huku mgongo ukiwa umenyooka na chuma kikiteleza karibu na miguu hadi chini kidogo ya magoti. Utahisi nyuma ya mapaja pakivutika, na ni katika mvutano huo ndipo misuli inapopata kichocheo kikubwa. Ukihisi mzigo wote umehamia kiunoni, uzito umekuzidi au mgongo umejipinda, punguza.

Fanya seti 3 za kila zoezi, yaani mizunguko mitatu, kila mmoja ukiwa na marudio 8 hadi 12 mfululizo, ukiacha kila seti ikiwa imebaki nguvu ya rudio moja au mawili tu, na upumzike dakika 2 hadi 3 kati ya seti. Kila kundi la misuli lifanyie kazi mara mbili kwa wiki. Andika uzito na marudio kwenye daftari; ukifikisha 12 katika seti zote, ongeza kilo 2.5 na uanze tena kwenye 8. Chakula nacho kina nafasi yake: takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku huwatosha wengi.

Dumu na mazoezi hayohayo kwa wiki 8 hadi 12. Sababu ya haki ya kubadilisha mapema ni maumivu ya kiungo, ambayo si sawa na uchovu wa misuli. Hapo tafuta zoezi lingine la mwendo uleule. Bega likikuuma kwenye benchi, kwa mfano, jaribu dambeli, ambazo huiacha mikono ifuate njia inayoifaa, na maumivu yakiendelea umwone daktari.