Shangazi, nimepima mkojo nikaambiwa niko safi, mbona koo linawasha?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, na mchumba wangu tumekubaliana tusifanye tendo lenyewe mpaka tufunge ndoa. Tunaridhishana kwa mdomo tu. Wiki tatu zilizopita alikuwa na vipele vya maji pembeni ya mdomo, nikapuuza. Sasa koo linaniwasha. Nimepima mkojo na VVU, nikaambiwa niko safi. Rafiki yangu anasema mdomo hauleti mimba wala ugonjwa, nijitulize. Nitulie kweli? Na yeye nimwambieje? – Mwenye Mashaka*

Marahaba mwanangu. Rafiki yako kapatia nusu. Mimba haiingii kwa mdomo, hilo halina ubishi. Ila ile nusu ya ugonjwa kakudanganya, ingawa naamini hakukusudia.

Kwanza hicho kipimo chako. Mkojo hutoa habari za njia ya mkojo, basi. Kisonono au klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, ikikaa kooni, mkojo hauwezi kuiona. Koo hupimwa kwa kijiti chenye pamba kinachopanguswa nyuma kabisa, karibu na mafindofindo. Utakohoa kidogo na machozi yatakulengalenga, sekunde chache imekwisha. Naomba uniambie ukweli: nesi alipokuuliza mnafanyaje, ulimtajia mdomo? Nahisi ulisema “hatujawahi kulala pamoja”, ukaona haya kuendelea, naye akapima kile ulichomwambia. Si kosa lake.

Halafu usijihukumu kwa sababu ya koo. Kisonono cha kooni mara nyingi hakionyeshi dalili yoyote, na koo linalowasha huenda ni mafua tu. Ndiyo maana kubahatisha hakusaidii, kupima ndiko kunakosaidia. Kikipatikana, dawa yake ni sindano, na tafadhali usimeze vidonge vilivyobaki kwenye kabati la mtu. Kisonono cha koo ni kigumu kutoka kuliko cha sehemu nyingine, kwa hiyo baada ya wiki moja au mbili utarudi kuhakikisha kimeondoka. Mchumba naye atibiwe wakati huohuo, la sivyo mtakuwa mnarudishiana.

Sasa vile vipele. Vipele vya maji pembeni ya mdomo mara nyingi ni malengelenge yanayoletwa na virusi vya herpes, na hapa nakusihi usimrukie mchumba na tuhuma za usaliti. Watu wengi hupata virusi hivyo utotoni, pengine kwa kubusiwa na shangazi kama mimi. Tatizo ni kwamba mdomo wenye vipele ukigusa sehemu za siri, virusi huhamia huko. Vikishaingia mwilini havitoki, ingawa dawa zipo za kuvipunguza makali. Kwa hiyo tangu mdomo unapoanza kuchonyota, kabla hata kipele hakijatokeza, mpaka gamba limekauka na kudondoka, hakuna busu wala hicho kingine. Hata hivyo, virusi huweza kupita siku ambayo huoni kipele chochote.

Kaswende nayo huingilia hapohapo. Kidonda chake hutokea kama wiki tatu baada ya kuambukizwa, wakati mwingine siku 10, wakati mwingine 90, na hakiumi. Kikiwa ndani ya mdomo hukioni. Kisha hupona chenyewe, mtu anashukuru Mungu, kumbe ugonjwa unaendelea ndani. Hiyo huonekana kwenye damu, kwa hiyo omba nayo.

VVU kwa njia ya mdomo hatari yake ni ndogo sana, lakini huongezeka fizi zikiwa zinatoka damu au mdomo ukiwa na kidonda. Rudia kipimo siku 90 zikitimia tangu mlipokutana mara ya mwisho bila kinga. Ukiwa huko, uliza pia chanjo ya homa ya ini aina ya B na ile ya HPV. Hii HPV ni virusi, na wengi wanaijua kwa saratani ya mlango wa kizazi, lakini aina ya 16 huleta saratani ya koo pia, kwa wanaume na wanawake.

Mkitaka kuendelea, mwanamume avae kondomu tangu mwanzo, si katikati mkishanogewa. Kwa upande wako, chukua kondomu mpya isiyo na dawa ya kuua mbegu, kata ncha, kata na ile pete, kisha pasua ubavu mmoja kwa mkasi. Ukiikunjua unapata kipande cha mpira cha kutandika juu. Usiigeuze upande wa pili katikati ya shughuli, na usipake mafuta, mpira huchanika. Jambo jingine watu hulifanya kwa nia njema: kupiga mswaki dakika chache kabla. Mswaki huchubua fizi, na hapo umefungua mlango. Suuza kwa maji tu. Dawa za kusukutulia hunukia vizuri, lakini si kinga.

Mchumba usimwambie usiku mkiwa tayari mmekumbatiana. Mwambie mchana, kwa sauti ya kawaida: “Nilipima mkojo tu, koo halikupimwa. Narudi Jumatatu, twende wote.” Na mbele ya nesi sema hivi: “Tunatumia mdomo, naomba nipimwe koo na kaswende.” Ukishindwa kulitamka, liandike kwenye karatasi umpe asome.