Kuandika mvua za radi mwezi mzima, Tukuyu

Mwalimu, nimekuelewa: unataka rekodi ya shule yako ya Machi ilingane na ya vituo vingine nchini. Shikilia saa. Soma kipimamvua saa 3 asubuhi kila siku; pakiwa pakavu andika 0.0, usiache wazi, maana pengo halisemi kama hapakunyesha au mlisahau. Mvua ya mawe iyeyuke kwanza ndipo upime. Ngurumo ikisikika, hiyo ni siku ya ngurumo hata bila mvua. Umeme wa mbali usio na sauti hauhesabiwi.

Tafadhali sana, usimtume mwanafunzi kiwanjani radi zikipiga. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, kisha mwandike saa halisi mliyosoma. Mahali pa kuweka kifaa, waulize Mamlaka ya Hali ya Hewa.