Re: V8 ya Benz kwenye pikapu ya FJ45

Mkuu, umeuliza kama V8 ya lita 4.5 ya Benz 450 SEL itaingia kwenye Land Cruiser FJ45 yako. Inaingia, ila gia ndiyo shughuli. Ukifunga gia boksi ya Benz, unapoteza transfa (ile inayopeleka nguvu magurudumu ya mbele na ya nyuma), na kwa barabara za vijijini huku Mwanza hiyo ni hasara kubwa. Ukibaki na ya Toyota, fundi mashine akuchongee bamba la kuunganishia injini na gia boksi, na akikosea kidogo tu, beringi hazidumu. Usikate chesisi bado! Ining'inize injini kwa chenibloku (winchi ya mnyororo) uone sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, inagusa wapi na eksozi inapita wapi kando ya stelingi. Rejeta weka kubwa, kilima cha Bugando na mzigo wa sangara si mchezo. Breki zianze kuboreshwa kabla ya injini. Namba ya injini mpya ipeleke TRA (Mamlaka ya Mapato).